Operesheni Gani, Afande?

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimesema uongo mmoja. Mdogo tu. Nauandika hapa ili usinisumbue kichwani.

Tulikuwa Buswelu, barazani kwa mama yake Hellen, kama kila Jumamosi mchana, tunacheza Faili Jekundu. Mchezo huu kautunga Hellen mwenyewe. Ni mwalimu wa hesabu, lakini kichwani kajaa majasusi. Tunakaa mezani, kila mtu ni jasusi kwenye karatasi yake, Hellen anasimulia hatari, dadu za ludo zinaamua nani anapona. Mimi ni Wakala Mamba. Nimeshauawa mara nyingi. Hellen hunifufua, maana karatasi zote nazichapa mimi, bure, pale kwenye steshenari yangu ya Buzuruga.

Mwenzetu Ojuok aliondoka mapema kuwahi basi. Anakwenda kwao Shirati kumsaidia mama yake kuvuna mihogo. Kabla hajaondoka alitueleza habari za mtumbwi wa marehemu baba yake, jinsi ulivyopasuka mbele hadi nyuma, kutoka omo hadi tezi, sijui nini, sijui nini. Sikusikiliza. Nilikuwa namwongezea Wakala Mamba risasi.

Ojuok alipotoka tu, Hellen akatangaza. Atatoa toleo la pili la mchezo, pamoja na kitabu cha nyongeza kuhusu jeshi. Makambi, vyeo, walinzi wa geti, jinsi jasusi anavyojipenyeza humo akijifanya askari. Jina la mwandishi wa nyongeza litakaa juu ya jalada. Kisha akauliza nani kati yetu amepita JKT, lile Jeshi la Kujenga Taifa, maana hataki mambo ya kubunibuni.

Jina juu ya jalada! Nimechapa tasnifu za watu. Nimechapa nyimbo za kwaya, katiba za vikundi, hata riwaya ya mchungaji mmoja ambayo haina mwisho. Zote zina majina ya wenyewe. Mama yangu kule Ngudu huwaambia majirani kwamba mwanawe yuko kwenye mambo ya vitabu. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikasema nimepita JKT, zamani, kabla sijahamia Mwanza.

Hellen akafurahi, akaniongezea michembe ya viazi. Niliila yote.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeanza kazi. Nimeandika jina la kitabu: Faili Jekundu: Kikosi. Chini yake, Pius Mayala. Nikajaribu herufi nene. Nikajaribu za kulala. Nikajaribu zenye kivuli. Mpaka nafunga duka nilikuwa na jalada zuri sana na kitabu hakuna.

Kisha vyeo. Ninachokijua ni afande. Kwa hiyo nimeandika Afande, halafu Afande Mkubwa, halafu Afande Mkubwa Zaidi. Inaonekana kama orodha ya sahani za wali hotelini.

Sura ya silaha imekwenda vizuri. Nimeweka vifaru vinapanda mawe ya Kirumba na kushuka sokoni. Hellen alipiga simu kuuliza maendeleo, nikamsomea. Akauliza kwa upole kifaru kitapandaje jiwe. Nikamwambia kwa mtu aliyepita jeshi, hilo si swali.

Ojuok naye ametuma ujumbe kutoka Shirati. Hellen kamwambia. Anasema amefurahi mno, hakujua kwamba na mimi nimepita huko kama yeye, na yuko tayari kunisaidia nikikwama, jina lake lisiwepo, haidhuru.

Kama yeye! Ojuok amepita JKT! Tumekaa meza moja miaka yote hiyo hajasema. Mtu wa namna gani anakwenda jeshini halafu hajisifu? Nikamjibu asante, sijakwama. Kisha nikazima simu, nikakaa nikiitazama.

Jumatano, 11 Juni

Nimeamua kwamba kisichojulikana kwa kichwa kinaweza kujulikana kwa miguu. Nitafanya mazoezi ya kwata.

Asubuhi nilichukua fagio, nikaliweka begani, nikaanza uani. Mguu pande, mguu sawa. Mbele tembea. Yote haya nimeyaona kwenye sherehe uwanjani, si mageni. Mzee Kashindye, baba mwenye nyumba, akatoka na mswaki mdomoni. Nikamwamkia shikamoo bila kupinda shingo. Akaitikia marahaba, kisha akauliza kama hilo si fagio la mke wake. Nikamwambia nafanya utafiti wa kitabu. Akasema, “Kijana, kama umerukwa na akili sema mapema, nimpigie mama yako.”

Nikataka kumwonyesha kwamba nina akili timamu. Nikapiga nyuma geuka. Kwa nguvu. Mguu ukatua katikati ya dagaa wa Mama Kashindye walioanikwa kwenye neti, na mimi nikafuata mguu.

Mama Kashindye hakugomba. Hilo ndilo lililoniumiza. Aliinama akaanza kuokota mmoja mmoja, anapuliza mchanga, anarudisha. Nikainama kumsaidia, akasema niache tu, nitazidi kuwaponda. Nimekwenda kazini nanuka ziwa zima. Wateja walikuwa wanasimama mbali.

Jumamosi, 14 Juni

Siku njema!

Hellen kaleta mchezaji mpya. Anaitwa Selina, muuguzi, mpole, anaongea kama mtu aliyezoea kuamsha wagonjwa. Hellen akamtambulisha kwangu kwa heshima zote, kwamba huyu ndiye Pius wetu, mtu wa JKT, mwandishi wa nyongeza. Nikakaa wima. Winnie, mdogo wake Hellen, akaniita afande akinimiminia chai. Sikumkataza.

Hellen na Winnie walipoingia ndani kuchukua dadu, Selina akanigeukia, uso umechangamka. Akaniuliza mimi nilikuwa operesheni gani.

Kwanza nilishangaa. Nikajiuliza amejuaje. Kisha nikakumbuka, ni muuguzi, hawa wanaona kwa macho tu namna mtu anavyokaa. Nikamwambia kidole tumbo. Nikamweleza kwamba ilikuwa ghafla, nilianza kutapika nikiwa sokoni, wakanipasua siku hiyohiyo, na kwamba mpaka leo nikicheka sana panavuta. Nikashika ubavu wa kulia kumwonyesha mahali.

Selina alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema pole sana. Aliisema pole hiyo kwa moyo wote. Hellen aliporudi na kuuliza tulikuwa tunaongea nini, Selina akasema mambo ya kawaida tu, tukaendelea na mchezo.

Mwanamke mwenye siri. Nadhani nimemgusa.

Jumatatu, 16 Juni

Nataka ardhi ipasuke. Nimezwe mimi, mashine ya kopi, na steshenari yote.

Wateja wawili walikuwa wamesimama dukani. Vijana, hawajuani. Mmoja alileta vyeti vyake, mwingine alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Wa nyuma akaona fulana ya yule wa mbele. Akamuuliza kama alipita JKT. Akajibu ndiyo. Na wa nyuma, bila kupumua, akamuuliza: “Operesheni gani?”

Mimi nikainua kichwa. Nikasubiri mtu aonyeshe kovu.

Yule kijana akajibu: “Nguvu Moja!” Mwenzake akapiga kelele kwamba naye ni Nguvu Moja. Wakakumbatiana. Wakaulizana kombania. Wakacheka habari za mchakamchaka wa alfajiri, afande mmoja mwenye filimbi, maharage. Ndipo nikaelewa. Kila kundi linaloingia JKT linapewa jina. Operesheni fulani. Ndilo swali la kwanza wanaloulizana wote waliopita huko, kama vile watu wa kwetu wanavyoulizana wewe ni wa ukoo gani.

Na mimi nikasema kidole tumbo.

Mfuniko wa mashine ulikuwa wazi, taa inapita usoni kwangu, inarudi. Nimetoa kopi ya kidevu changu. Yule kijana aliuliza kwa adabu kama hiyo nayo ni kati ya vyeti vyake.

Selina alijua. Tangu neno la kwanza alijua. Alikaa pale akanisikiliza natapika sokoni, akasema pole. Angeweza kunicheka. Angeweza kumwambia Hellen palepale. Nikikumbuka jinsi nilivyoshika ubavu, masikio yanawaka moto. Nimefunga duka mapema, nimesingizia umeme.

Alhamisi, 19 Juni

Mtu mwenye akili angemtafuta Selina, akamwambia dada, nisamehe, nilidanganya. Nimeliwaza hilo. Nililiwaza mpaka chai ikapoa.

Lakini Jumamosi Ojuok anarudi. Tutaijaribu nyongeza yangu mezani, wote. Hellen akiipenda, inakwenda kuchapwa. Selina akiwepo, itatosha Winnie kuniita afande, Selina ataguna tu, basi, jina langu limetoka kwenye jalada. Ojuok namweza. Sasa ninalo jibu, Nguvu Moja, nalisema hata nikiwa naoga. Tatizo ni Selina.

Nimemtumia ujumbe. Nimemwandikia kwamba Jumamosi kikao kimehamia Buhongwa, kwa shangazi yangu, ashuke stendi, apige simu nitakuja kumpokea.

Sina shangazi Buhongwa. Ni mwisho mwingine kabisa wa mji. Akanijibu mara moja: asante kaka Pius, nitatoka zamu asubuhi, nitakuja hukohuko moja kwa moja. Na alama ya tabasamu.

Alama ya tabasamu. Nimeigeuza simu kifudifudi.

Jumamosi, 21 Juni

Nitaandika yote, kwa kufuatana, hata kama mkono hautaki.

Nilizima simu asubuhi. Nilifika Buswelu na kurasa zangu zimebanwa vizuri, jalada la plastiki, jina lenye kivuli. Ojuok alikuwa amerudi na mihogo ya kila mtu. Alinikumbatia. Akasema kazi ya kuandika peke yangu si mchezo. Nikasikia haya kidogo, nikaimeza.

Tukaanza. Hellen akasimulia: Wakala Mamba amevaa sare ya kuiba, anafika kwenye geti la kambi ya adui. Akampa Ojuok nafasi ya mlinzi. Ojuok akainuka. Sikuwahi kumwona hivyo. Mgongo umenyooka, sauti imebadilika, hata mama yake Hellen alichungulia kutoka jikoni. Akaniamuru nisimame hapohapo na kutaja cheo. Nikasema Afande Mkubwa Zaidi. Winnie akaangua kicheko. Ojuok hakucheka. Akauliza, operesheni gani?

Nilikuwa tayari! Nikapiga mguu chini, nikasema, “Nguvu Moja!”

Ojuok akashusha bunduki yake ya hewa. Akafikiri. Akasema Nguvu Moja ni ya juzijuzi, mtoto wa dada yake katoka huko mwaka jana tu. Hawa ni watoto. Huyu askari anayetaka kupita getini anaonekana mtu mzima mwenye kipara kinachoanza. Mwaka jana mimi nilikuwa Buzuruga kila siku, yeye mwenyewe alikuwa akinikuta pale.

Kisha Ojuok, Mungu ambariki, akapiga makofi. Akasema nimemwigiza jasusi bandia vizuri ajabu, mtu aliyeliokota jina njiani bila kujua ni la lini. Akasema hiyo iwe kanuni kwenye kitabu. Alinifungulia mlango kabisa. Nilitakiwa kucheka tu na kupita.

Lakini Hellen ni mwalimu. Mtoto aliyenakili jibu anamjua. Akaweka dadu chini, akaniuliza nje ya mchezo. Na wewe mwenyewe, Pius, ulikuwa operesheni gani?

Hapo Selina akatokea.

Alikuwa bado na sare za kazi chini ya kitenge. Viatu vimejaa vumbi. Macho ya mtu aliyekesha na wagonjwa kisha akauzunguka mji mzima juani. Hellen akamuuliza kulikoni, mbona amechelewa hivyo. Selina akanitazama. Kidogo tu. Akasema alielekezwa vibaya. Hakusema na nani. Akaomba maji.

Nilipaswa kunyamaza. Nilipaswa kumvutia kiti. Badala yake nikafikiri hivi: huyu ameshanifichia siri mara mbili, ya tatu itamshinda nini? Nikasema kwa sauti, mbele ya wote, kwamba kama hawaniamini wamuulize Selina, yeye nilishamweleza operesheni yangu wiki iliyopita.

Mwenyewe. Nilimwita mwenyewe awe shahidi.

Hellen akamuuliza. Selina akashika glasi kwa mikono miwili. Macho yake yaliniomba niseme mimi. Nikamkonyeza. Hellen akarudia swali. Selina akasema kwa sauti ndogo, “Aliniambia kidole tumbo.”

Ojuok alidondoka kwenye kiti. Si kwa mfano, alidondoka, na chai ikamfuata. Winnie alikimbilia uani, tukamsikia huko anajirudia neno hilo. Hata mama yake Hellen alijifunika uso kwa upande wa kanga.

Watu wawili tu hawakucheka. Hellen alikuwa anaondoa kurasa zangu mezani polepole, anazipanga. Na Selina, ambaye alikuwa analia kidogo, nadhani kwa uchovu. Nilikaa pale na jalada langu la plastiki. Sijawahi kuona aibu ya namna hii. Ilianzia kwenye nyayo.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda ibada. Naogopa kucheka kwa watu na kunyamaza kwao pia.

Hellen ametuma ujumbe mrefu, hauna tusi hata moja. Nyongeza wataiandika Ojuok na Selina. Selina naye kumbe alipita JKT baada ya kidato cha sita. Hellen anasema hana kinyongo, ila angependa ningemwambia tu kwamba natamani kuandika, angenipa sura ya majengo na ramani, maana ramani zangu ni nzuri. Kisha akaomba kama bado nitawachapia.

Angenipa. Bila uongo wowote. Nimeusoma mstari huo mpaka simu ikazima.

Wanalolijua ni kidole tumbo tu. La Buhongwa hawalijui. Selina hajasema, na sasa naona hatasema. Ningependa aseme. Wangenifokea, tungemaliza. Hivi ninavyobaki nalo peke yangu linanikaa hapa kifuani. Nimemwandikia pole mara kadhaa. Zote nimezifuta.

Ijumaa, 4 Julai

Nimemaliza kuichapa nyongeza yao. Ni nzuri. Inaniuma kusema hivyo. Hakuna kifaru hata kimoja juu ya jiwe. Kuna baridi ya alfajiri, viatu visivyo saizi, mlinzi anayemkumbuka mama yake. Ukisoma unaogopa kweli kupita lile geti.

Katika sura ya Jasusi Anayejifanya Askari, kuna kanuni. Mlinzi humuuliza mgeni swali moja. Mgeni akikosea jibu, anatupa dadu mbili, na zikigoma amekamatwa. Kanuni inaitwa Swali la Kidole Tumbo. Hellen ameomba kichwa hicho kiwe na herufi nene.

Nimekiweka herufi nene. Kwa mkono wangu. Mama Kashindye alipita dukani akauliza mbona macho mekundu, nikasema ni wino.

Kwenye jalada: Ojuok, Selina. Nyuma, chini kabisa, kwa herufi ambazo sisimizi angezivaa kama viatu: Mchapaji, Pius Mayala. Nilikuwa na uwezo wa kuzikuza. Mashine ni yangu, hakuna aliyekuwa ananiangalia. Sikuzikuza. Naandika hili kwa sababu ni jambo jema pekee nililolifanya tangu mwezi wa sita uanze, na nimejifunza. Sitasema uongo tena. Kesho nitamwomba Selina msamaha kuhusu Buhongwa, uso kwa uso.

Jumamosi, 5 Julai

Nilipeleka vitabu Buswelu. Walivishika kama watu wanavyoshika mtoto mchanga. Ojuok alitafuta jina langu nyuma, akalionyesha kwa kila mtu, akasema bila huyu tusingekuwa na kitu. Nilimwendea Selina. Nikasema dada Selina, kuhusu ile siku. Akatabasamu, akasogeza kiti chake nipate nafasi, akasema tutaongea baadaye, tusikilize kwanza, Hellen ana habari.

Habari yenyewe ni nyongeza nyingine. Majasusi wa majini. Meli za ziwani, boti za doria, magendo kati ya visiwa. Mwandishi, jina juu ya jalada. Hellen akauliza nani kati yetu amewahi kufanya kazi kwenye chombo cha majini.

Mkono ukapanda. Naapa sikuutuma. Nikajisikia nasema nilikuwa baharia kidogo, zamani, kabla ya Buzuruga.

Selina akainamisha kichwa, mkono wake ukashika ubavu wa kulia, taratibu. Nadhani alikuwa na maumivu. Ojuok akaweka kikombe mbali na ukingo wa meza. Akaniuliza kwa adabu kubwa kama nilikuwa nafanyia kazi omo au tezi.

Safari hii sikubabaika. Mtego niliuona kutoka mbali. Nikajibu kwa utulivu kwamba tezi nilipimwa mwaka jana, daktari akasema safi kabisa, na habari ya omo, sisi tulikuwa tunafulia sabuni ya mche.

Hellen akavuta kalamu, akaandika kitu kwa herufi kubwa na kukipigia mstari. Sikuona vizuri, lakini bila shaka ni jina langu.